Kumbi Kongwe za Maigizo: Kwa Nini Miji Midogo Ilibaki na Kile Ambacho London Ilipoteza

Richmond ni mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wenye wakazi wasiofika 10,000. Katika mtaa wake mmoja kuna jengo la mawe lisilo na madoido yoyote, ambalo mpita njia hukosea kwa urahisi akadhani ni ghala. Ndani yake mna ukumbi wa maigizo uliofunguliwa mwaka 1788, na muundo wake wa ndani bado ni ule ule. London ilikuwa na fedha, wafalme na waigizaji wote mashuhuri, lakini haina ukumbi wa umri huo uliobaki kamili namna hii. Kumbi zake mbili kuu za enzi hizo, Covent Garden na Drury Lane, ziliteketea kwa moto mwaka 1808 na 1809, zikajengwa upya, kisha zikabadilishwa tena na tena kila kizazi kilipotaka kitu kikubwa zaidi.

Jibu linalokuja upesi ni kwamba watu wa miji midogo huthamini urithi wao kuliko watu wa miji mikubwa. Ni jibu tamu, ila historia hailiungi mkono. Kwa zaidi ya miaka 100 Richmond haikuujali kabisa ukumbi wake. Ili kuelewa kilichouokoa, na kwa nini kuhifadhi kumbi za aina hii ni kazi ngumu mpaka leo, inabidi kuanza na sheria.

Mwaka 1737 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyobana maigizo ya mazungumzo. Kumbi chache tu zenye hati ya kifalme ndizo zilizoruhusiwa kuyaonyesha kihalali, na kila tamthilia mpya ilibidi ikaguliwe kwanza na ofisi ya mfalme. Vikundi vya mikoani havikufa, vilitafuta upenyo. Vilitangaza tamasha la muziki, vikauza tiketi za muziki, halafu katikati ya tamasha vikaigiza tamthilia "bure". Kila mtu alijua mchezo huo, wakiwemo mahakimu. Hata hivyo, nani angejenga jumba la mawe kwa biashara ambayo hakimu mmoja mkali angeweza kuifunga kesho yake?

Mwaka 1788 sheria ikalegezwa. Mahakimu wa mikoani wakapewa uwezo wa kutoa leseni ya maonyesho kwa muda usiozidi siku 60 mahali pamoja. Mwaka huo huo, mwigizaji na kiongozi wa kikundi aliyeitwa Samuel Butler akafungua ukumbi wake Richmond. Leseni ilikuwa imemhakikishia kwamba jengo halitakuwa hasara, lakini siku zile 60 pia zilimlazimisha kuhamahama. Akawa na mzunguko wa miji: Whitby, Ripon, Kendal, Northallerton, Beverley na mingineyo. Kikundi kilifika mjini wakati wa mbio za farasi au gulio, kikaigiza tamthilia tofauti karibu kila usiku, kisha kikafunga mizigo na kwenda mji unaofuata. Kwa hiyo ukumbi wa mji mdogo ulikuwa umefungwa sehemu kubwa ya mwaka tangu siku ya kwanza. Jambo hili linasahauliwa sana. Leo mtu akiona ukumbi wa mji wake umefungwa miezi kadhaa husema umekufa, kumbe hata katika enzi zake bora ulikuwa haufanyi kazi kila wiki.

Ukumbi wenyewe ni mdogo kwa namna inayomshangaza mtu aliyezoea kumbi za kisasa. Sehemu ya chini ya watazamaji imechimbwa kwenda chini na kupangwa mabenchi. Pande tatu zimezungukwa na vyumba vidogo vya wenye fedha, na juu yake kuna roshani ya watu wa kawaida. Jukwaa limesogea mbele, na pembeni mwake kuna milango miwili ambayo waigizaji waliitumia kuingia na kutoka mbele kabisa ya watazamaji. Taa hazikuzimwa mchezo ukianza. Mishumaa iliendelea kuwaka juu ya watazamaji kama ilivyowaka jukwaani, kwa hiyo mwigizaji aliwaona watu usoni na wao wakaonana wenyewe kwa wenyewe. Roshani ilikuwa na mbao maalumu miguuni pa watazamaji, na wakichukizwa au wakifurahi walizipiga mateke. Mbao hizo bado zipo, na kwangu mimi ndizo kitu chenye thamani kuliko vyote mle ndani. Picha za waigizaji wakubwa zinapatikana kila mahali, lakini ushahidi wa mtazamaji maskini wa karne ya 18 akitoa maoni yake kwa kiatu ni nadra kuupata.

Kufikia miaka ya 1830 biashara ilikuwa imedorora. Watu wenye fedha walianza kuona maigizo kuwa jambo la aibu, mahubiri makali ya dini yaliwavuta wengine, na baadaye reli ikawapeleka matajiri kwenye miji mikubwa. Maonyesho ya kawaida yakakoma. Mwaka 1848 sehemu ya chini ya watazamaji ikajengewa matao ya matofali na kugeuzwa ghala la mvinyo, na juu ya matao hayo ikawekwa sakafu mpya. Chumba kilichobaki juu kikawa mahali pa minada, kisha ghala la nafaka, kisha ghala la samani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikawa kituo cha kukusanyia taka zinazoweza kutumika tena.

Mtu anayependa sanaa akisoma orodha hiyo husikitika, lakini tuitazame kwa macho ya fundi. Mfanyabiashara wa mvinyo au nafaka hataki maji yaingie, kwa hiyo paa linazibwa kila linapovuja. Hana haja ya kubomoa roshani, kwa sababu kubomoa ni gharama na roshani haimsumbui. Hana haja ya kuweka taa za gesi jukwaani, na gesi ndiyo iliyochoma kumbi nyingi za karne ya 19. Hana haja ya viti vipya vya velveti, wala mapambo ya dhahabu, wala jukwaa refu zaidi. Ukumbi wa London uliingiza fedha, na fedha zile zile ndizo zilizolipia mabadiliko yaliyoufuta. Wa Richmond haukuwa na mtu wa kuugharimia mabadiliko. Hata mandhari yake ya jukwaani ilinusurika: vitambaa vilivyochorwa msitu mwanzoni mwa karne ya 19, vingine vikiwa vimechorwa upande wa nyuma sebule ya rangi ya samawati, ni miongoni mwa mandhari kongwe zaidi za jukwaa zilizobaki Uingereza nzima.

Kilichotokea Bury St Edmunds, mashariki mwa nchi, kinafanana sana na hicho. Ukumbi wa huko ulijengwa mwaka 1819 na William Wilkins, msanifu yule yule aliyekuja kubuni jumba la sanaa la taifa la National Gallery jijini London. Ulipofungwa mwaka 1925, kampuni ya bia ya Greene King, ambayo kiwanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, iliutumia kuhifadhia mapipa. Mapipa yalikaa pale hadi miaka ya 1960, na mwaka 1965 ukumbi ukafunguliwa tena. Mwaka 1975 kampuni iliukodisha kwa National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, kwa miaka 999. Kumbi za kizazi kilichofuata ziliokolewa na matumizi mengine. Jumba la opera la Buxton, lililobuniwa na msanifu wa kumbi Frank Matcham na kufunguliwa mwaka 1903, liligeuka sinema. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 1960 iliporuhusu bingo ya kibiashara, kumbi nyingi za miji midogo zikaendelea kuwashwa taa na kupigwa deki kwa sababu ya wachezaji wa bingo. Wapenzi wa tamthilia waliwadharau wakati ule. Leo wanapaswa kuwashukuru.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: jengo la maigizo huokolewa na matumizi yoyote yanayoziba paa bila kuhitaji kubomoa ndani. Jengo tupu huoza. Mfereji wa paa ukiziba kwa majani msimu mmoja tu, maji huingia kwenye kichwa cha ukuta, mbao zikapata kuvu, na baada ya miaka michache ukarabati ambao ungekuwa kazi ya fundi mmoja mwenye ngazi unakuwa mradi wa mamilioni.

Sasa tuje kwenye hatua ambayo watu wengi huielewa vibaya, yaani jengo linapotambuliwa rasmi. Uingereza ina orodha ya kitaifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria, na kumbi za Richmond na Bury St Edmunds ziko daraja la kwanza, la juu kabisa. Wengi hudhani kuingia kwenye orodha hiyo kunamaanisha serikali imelichukua jengo au italigharimia. Sivyo. Mmiliki anabaki yule yule na bili zinabaki zake. Kinachobadilika ni kwamba hawezi kulibomoa wala kulibadilisha kwa namna inayoathiri thamani yake bila kibali maalumu. Mamlaka ya mji inaweza kumwandikia notisi ya kumtaka alikarabati, lakini mamlaka hizo hazina fedha nyingi, na notisi inaweza kuishia kwa mamlaka yenyewe kulinunua jengo. Kwa hiyo notisi haziandikwi mara nyingi.

Kuna ulinzi wa pili, usiojulikana sana, ambao naona ndio wenye akili zaidi. Katika mipango miji ya Uingereza, majengo hupangwa kwa makundi ya matumizi, na ndani ya kundi moja mwenye jengo anaweza kubadili matumizi bila kuomba ruhusa. Duka likawa ofisi, kwa mfano. Ukumbi wa maigizo hauko kwenye kundi lolote, umesimama peke yake. Kila anayetaka kuugeuza kanisa, baa au duka kubwa lazima aombe kibali cha mipango. Na anapoomba, mamlaka inatakiwa kisheria kulitaka maoni shirika liitwalo Theatres Trust, lililoundwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1976, baada ya miaka mingi ya kumbi kubomolewa kupisha ofisi na maegesho ya magari. Maoni ya shirika hilo hayawi amri, lakini yanaulazimisha mji kulizingatia swali hili: ukumbi huu ukiondoka, maonyesho yatafanyika wapi? Ulinzi huu unawagusa hata wenye kumbi zisizo na uzuri wowote wa usanifu, kwa sababu unachokilinda ni kazi inayofanyika mle ndani.

Tuseme basi jengo limenusurika, fedha zimepatikana, mafundi wako mlangoni. Linakuja swali linalowagombanisha wataalamu: lirudishwe lilivyokuwa mwaka gani? Ukumbi uliotumika miaka 200 una tabaka nyingi. Kuna rangi ya mwanzo, rangi ya pili, taa za gesi, nyaya za umeme, roshani iliyopanuliwa, shimo la wapiga muziki lililochimbwa baadaye. Mbunifu na mwandishi William Morris na wenzake waliunda mwaka 1877 chama cha kupinga ukarabati wa kurudisha majengo nyuma, kwa hoja kwamba fundi anayeondoa tabaka za baadaye anaharibu historia ya kweli na kuacha mahali pake dhana yake mwenyewe. Mkataba wa Venezia wa mwaka 1964, ambao wahifadhi duniani kote huurejea, unataka michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe, na unasema urejeshaji lazima ukome pale ubunifu wa kukisia unapoanza.

Bury St Edmunds walichagua njia nyingine. Katika ukarabati uliofanyika kati ya 2005 na 2007 waliondoa mabadiliko ya karne ya 20, wakarudisha jukwaa lililosogea mbele na mpangilio wa watazamaji wa enzi ya Wilkins. Mtu anayefuata maneno ya mkataba atasema walikosea. Mimi nawaunga mkono, kwa sababu moja: ukumbi wa maigizo ni ala, na umbo lake ndilo linaloamua maigizo gani yanawezekana ndani yake. Mwigizaji aliyesogezwa nyuma ya fremu ya jukwaa anaigiza kana kwamba watazamaji hawapo. Aliyesogezwa mbele, katikati ya vyumba vya pembeni, hawezi kujifanya hawaoni. Tamthilia za enzi zile zina mistari mingi ya mwigizaji kuwanong'oneza watazamaji pembeni, na mistari hiyo haina nguvu mtu akiwa umbali wa mita 10. Kwa kurudisha jukwaa walirudisha namna ya kuigiza ambayo vitabu haviwezi kuifundisha. Kama mabadiliko yaliyoondolewa yangekuwa na uzuri wake, hukumu yangu ingekuwa tofauti.

Hakuna ukumbi, hata hivyo, unaoweza kurudishwa ulivyokuwa moja kwa moja, kwa sababu ya moto. Tarehe 5 Septemba 1887, katika mji wa Exeter, mandhari ya jukwaani ilishika moto katika ukumbi uliokuwa hata miaka miwili haujatimiza. Watu 186 walikufa, wengi wao wa roshani ya juu, kwa kuwa njia yao ya kutokea ilikuwa moja na ikajaa. Baada ya hapo kanuni ziliongezeka: njia nyingi za kutokea, milango inayofunguka kwa nje, pazia lisiloshika moto linaloshushwa kati ya jukwaa na watazamaji, na kikomo cha idadi ya watu. Ukumbi wa Wilkins uliwahi kubeba zaidi ya watu 700 waliobanana kwenye mabenchi. Leo viti vyake ni karibu nusu ya hapo. Ule wa Richmond, ambao zamani ulishindilia mamia, una viti takriban 150. Miili yetu ni mikubwa zaidi, hatukubali kukaa goti kwa goti na mgeni kwa saa nne, na hakuna atakayesema kanuni za moto zilegezwe. Lakini hesabu inabaki pale pale: paa lile lile, kuta zile zile, nusu ya tiketi.

Watazamaji wa leo wanahitaji pia vyoo, lifti, mahali pa kunywa na mlango wa kiti cha magurudumu. Ukivisukuma vitu hivyo ndani ya jengo la 1788 unalitoboa kila ukuta. Richmond walitatua jambo hili katika ukarabati uliokamilika mwaka 2003 kwa kuvipeleka vitu vyote hivyo kwenye jengo la pembeni lililounganishwa na ukumbi. Ni suluhisho linaloonekana rahisi, lakini linahitaji kiwanja cha jirani, na kumbi nyingi za miji midogo zimebanwa na maduka pande zote.

Hatari nyingine iko juu ya vichwa vya watu. Dari zenye maua na malaika zinazopamba kumbi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zinaonekana kama mawe yaliyochongwa, kumbe ni jasi nyembamba iliyomiminwa juu ya kitambaa cha gunia na kuimarishwa kwa fito. Vipande hivyo vilitengenezwa karakana, vikapandishwa, na kuning'inizwa kwenye mbao za paa kwa vishikizo vya kitambaa kile kile kilicholoweshwa jasi. Ni kazi nyepesi, ya haraka na nzuri mno. Udhaifu wake ni kwamba unyevu ukifika, gunia huoza polepole ndani ya jasi bila mtu wa chini kuona chochote. Tarehe 19 Desemba 2013, sehemu ya dari ya ukumbi wa Apollo jijini London, uliojengwa mwaka 1901, ilianguka juu ya watazamaji katikati ya onyesho, na zaidi ya watu 70 wakaumia. Vishikizo vilikuwa vimechoka. Tangu hapo ukaguzi wa dari za aina hiyo umekuwa wa lazima na wa kina, mtu anatambaa juu ya dari na taa mkononi, kishikizo kwa kishikizo. Kwa ukumbi wa London wenye onyesho linalojaza viti kila usiku, gharama hiyo inabebeka. Ukumbi wa mji mdogo una dari ya aina ile ile, na unapaswa kuilipia kwa mapato yake madogo.

Kinachopotea kabla ya dari ni mitambo ya jukwaa, kwa kuwa hakuna anayeiona. Kumbi za zamani ziliendeshwa kwa mbao, kamba, kapi na uzito wa kusawazisha, chini ya sakafu na juu ya mapazia. Mkarabati wa miaka ya 1960 aliyetaka nafasi ya kuhifadhia viti aliing'oa bila kujiuliza mara mbili. Katika ukumbi wa Gaiety mjini Douglas, kisiwani Man, ambao ni kazi nyingine ya Matcham na ulifunguliwa mwaka 1900, wafanyakazi wa kujitolea waliitengeneza upya mitambo hiyo, ukiwemo ule uliobuniwa London mwaka 1852 kwa ajili ya kumtokeza mzimu. Chini ya sakafu kuna kigari kinachopanda reli ya mteremko. Mwigizaji anasimama juu yake na kusukumwa, na sakafu, ambayo pale imetengenezwa kwa vibao vyembamba vilivyounganishwa, inafunguka palipo na mwili wake tu na kujifunga nyuma yake. Mtazamaji anaona mtu akipanda kutoka ardhini huku akiteleza kwenda upande wa pili bila kuinua mguu. Michoro ya mtambo huo ipo vitabuni, lakini mwendo wa kigari, nguvu ya kusukuma na mahali pa kupaka grisi hujulikana kwa wanaouendesha tu. Mtambo usiposukumwa, ujuzi huo unakwisha ndani ya kizazi kimoja.

Mwisho wa yote ni nani analipa. Kumbi nyingi za aina hii zinaendeshwa na mashirika ya hisani, si na wafanyabiashara, kwa sababu viti 150 au 350 haviwezi kurudisha mtaji. Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1994, imekuwa mfadhili mkubwa wa ukarabati wa urithi, na bila hiyo kumbi nyingi zisingesimama. Lakini wafadhili hupenda mradi wenye mwanzo na mwisho, wenye siku ya kukata utepe. Ni vigumu zaidi kumpata wa kulipia mtu wa kusafisha mifereji ya paa kila mwaka, kuwasha moto wa kutosha wakati wa baridi ili jasi isipate unyevu, na kukagua nyaya. Fedha hizo hutoka kwenye tiketi, na katika miji midogo ya Uingereza sehemu kubwa ya tiketi huuzwa wakati wa Krismasi, wiki chache za mchezo wa kuchekesha wa familia ambao bibi, mama na watoto huenda pamoja. Wakosoaji wa sanaa hawauandikii sana mchezo huo. Mapato yake ndiyo yanayowezesha ukumbi kuleta kikundi kidogo cha tamthilia mwezi Machi mbele ya watu 60, na kuwapangisha kwa bei nafuu vikundi vya wenyeji vya uimbaji na shule za ngoma zinazoleta wazazi wote wa mji. Bodi ya shirika inapopanga kalenda ya mwaka, wiki hizo za Desemba ndizo zinazowekwa kwanza, kisha ukaguzi wa dari, na mengine yote hupangwa kuzunguka hayo mawili.